Baridi ya Lushoto Ni ya Bure, Sasa Deni la Shosti Limetoka Wapi?

Wiki nzima mjini stori ni moja tu, zile picha za Lushoto. Mwanadada maarufu, yule aliyeanza kuonekana kwenye video za wasanii na sasa ana duka la nguo na wafuasi wasiohesabika, alipanda mlimani mwanzoni mwa Juni na mashosti zake sita. Ukungu nyuma, vikombe vya chai vinafuka, moto wa kuni usiku, shuka za Kimasai mabegani, na wote saba wamevaa sweta moja la rangi ya maziwa. Kapsheni ikasema "autumn" imefika na yeye anaipokea na watu wake wa nguvu.

Siku mbili za kwanza watu walicheka neno. Siku ya tisa kicheko kikahamia kwa mmoja wa wale sita, yule anayekaa pembeni kwenye picha ya moto, na tangu hapo hakijarudi kwa mwenye kapsheni. Hapo ndipo pana tatizo.

Kwanza hilo neno, maana limepigiwa kelele kuliko linavyostahili. Waliocheka walikuwa na pointi yao. Autumn ya Ulaya na Marekani huanza Septemba, mchana unapofupika, majani yanageuka njano na mekundu, kisha yanadondoka. Upande wa kusini wa dunia, kama Afrika Kusini, ni Machi mpaka Mei, kwa hiyo Juni hata huko wameshaanza kuhesabu majira ya baridi. Lushoto iko karibu mno na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na miti ya Usambara haina habari ya kuvua majani yote eti kwa sababu kumeingia baridi. Hata Kiswahili chenyewe kinapata shida na neno hilo. Kuna wanaolitafsiri kuwa vuli, wakati mkulima yeyote wa Korogwe ukimwambia vuli anawaza mvua za Oktoba mpaka Desemba.

Lakini mwanadada hakukosea kuhisi kwamba majira yamebadilika. Yamebadilika kweli. Ni kipupwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa kila mwaka inatoa mwelekeo wake wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, na watu wanaupita kama tangazo la luku. Jua linakuwa limehamia kaskazini, upepo wa kusi unapiga kutoka baharini, na hewa yenye unyevu ikigonga milima ya Usambara inapandishwa juu, inapoa, inageuka ukungu ule ule uliopata laiki laki na kitu. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua takriban nyuzi sita. Mtu wa Sinza aliyezoea kulala na feni usoni akifika mji uliopo mita kama 1,400 juu ya bahari lazima atafute blanketi, na akiita hali hiyo autumn kwa sababu ndilo neno aliloliona kwenye filamu, asamehewe.

Na wanaotaka majani mekundu ya kupigia picha wasihangaike na viza. Waende kwenye misitu ya miombo, Tabora au Iringa, kuanzia mwezi wa tisa. Miti inachipua majani mapya mekundu kabla hata mvua hazijashuka. Tofauti ni kwamba Ulaya jani likiwa jekundu linaaga, kwenye miombo ndiyo kwanza linazaliwa. Mastaa wa mjini hawajaligundua hilo bado, na pengine ni heri.

Kuna kundi lingine lilisema safari nzima ni kuiga Wazungu, kwamba Mswahili starehe yake ni bahari. Hoja hiyo haina miguu. Ni kweli Wajerumani waliujenga mji ule wakauita Wilhelmstal, wakapanda huko kukimbia joto la pwani. Lakini Wasambaa walikuwa na ufalme wao kwenye milima hiyo kabla Mjerumani hajajua Mombo iko wapi, na baridi ile ni yao. Kabichi, karoti na hoho zinazoshushwa kwenye masoko ya Dar es Salaam, nyingi zinatoka kwenye vibonde vya huko. Watu wa mjini wanaila Lushoto mwaka mzima bila kuiona.

Na wakienda kuiona, jamani, ni sehemu. Basi likiacha barabara kuu ya Arusha pale Mombo, linaanza kukata kona moja baada ya nyingine kama kilomita 33 mpaka mjini. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na dereva anapiga honi kila kona kama anabisha hodi. Soni kuna maporomoko ya maji pembeni ya barabara na akina mama wanauza mboga ambazo bado zina umande. Masikio yanaziba. Anayekaa dirishani anaanza kufunga kioo kidogo kidogo, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Halafu Irente. Ni mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka mjini, katikati ya migomba na mahindi, watoto wanasalimia mpaka mtu anachoka kuitikia. Njiani kuna shamba wanatengeneza jibini, jamu na mkate wao wenyewe. Mwisho wa njia ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa inaonekana nyika ya Mazinde na barabara ile ile mliyokuja nayo, mabasi yakitambaa kama siafu. Kelele za kundi zinakatika zenyewe pale. Hata watu wenye mdomo wananyamaza. Ukienda upande wa pili kuna msitu wa Magamba, hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000, ambako mbega wanaruka juu ya vichwa vya watu na saa nane mchana unaweza kuwa na giza la saa kumi na mbili. Kukaa huko na watu unaowapenda, mikono imezunguka kikombe, mnaongea mambo ambayo mjini hayana nafasi kwa sababu ya foleni na joto, ni raha ambayo haihitaji kutetewa na mtu.

Kwa hiyo safari ilikuwa safi. Kilichooza ni hesabu.

Skrinshoti za grupu lao la WhatsApp zimevuja na kila mtu mwenye simu ameziona. Grupu lilifunguliwa Aprili. Makubaliano ya mwanzo yalikuwa shilingi 250,000 kila mmoja: basi la kawaida, gesti ya mjini, chakula cha kuchangia. Wote saba wakaweka dole gumba. Ilipofika katikati ya Mei mwanadada akaingia na "mabadiliko madogo". Basi likageuka gari la kukodi. Gesti ikageuka hoteli yenye baraza na moto wa kuni. Akaongezeka mpiga picha. Yakaongezeka na masweta. Kichwa kimoja kikawa 680,000.

Hizo 680,000 kwa mchanganuo wake ni hivi: usafiri 150,000, malazi ya siku tatu 270,000, chakula 80,000, mpiga picha 100,000, sweta 80,000.

Sasa watu wameng'ang'ania jumla, wakati utamu wote uko kwenye mistari. Masweta yalitoka duka gani? La mwanadada. Picha za mpiga picha zinatumika wapi mpaka leo? Kwenye ukurasa wa duka la mwanadada, zenye bei pembeni. Na malazi? Yeye hakulipa malazi. Ujumbe wake mwenyewe kwenye grupu, saa nne na dakika usiku, unasema hoteli imempa chumba bure kwa makubaliano ya kuposti, na kwamba "nyie mmepewa bei nzuri kwa heshima yangu". Kwa hiyo staa, mwenye uwezo kuliko wote, safari ilimgharimu 330,000: usafiri, chakula na mgao wa mpiga picha. Sweta hakujiuzia. Wakati huo huo amewauzia wenzake sita masweta ya 480,000. Kabla ya kutoa mtaji wa hayo masweta, alishuka mlimani akiwa mbele kwa 150,000.

Msusi alilipa 680,000 yote.

Msusi ndiye huyo anayekaa pembeni kwenye picha ya moto. Anafanya kazi saluni, alikua mtaa mmoja na mwanadada, na alimsuka bure wakati ule staa hana hata nauli ya kwenda kwenye majaribio ya video. Hilo si umbea, mwanadada mwenyewe aliwahi kulisema laivu miaka miwili iliyopita, akalia kabisa. Bei ilipopanda grupuni, msusi alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaandika neno moja: "Nipo."

Alikuwa na 250,000 yake aliyoiweka kidogo kidogo tangu Aprili. Zikabaki 430,000. Akazitafuta kwenye programu tatu za mikopo ya simu kwa mpigo. Ili apate 430,000 mkononi ilibidi akope 560,000, kwa sababu jamaa wanakata chao kwanza, eti ada ya huduma, halafu unarudisha kiasi kizima ndani ya siku kumi na nne. Hiyo ndiyo mitaani wanaiita kausha damu, na jina halikukosewa. Ukiipakua programu inaomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu. Mwenye shida hasomi, anabonyeza kubali. Ukichelewa, na wengine hata hawangoji uchelewe, wanaanza kutuma ujumbe kwa watu wako: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Picha ya uso inaambatanishwa.

Msusi wakamtumia mama yake, bosi wake wa saluni, wateja wake, fundi wake wa nguo, na mwanadada. Mama mtu Tandika akapokea ujumbe wa kuambiwa amezaa mwizi. Ndipo siku ya tisa mwanadada akaposti kijembe chake, kwamba kuna watu wanalazimisha maisha ambayo si yao kisha wanachafua majina ya wenzao. Hakutaja mtu. Hakuhitaji, machawa walishafanya kazi hiyo ndani ya nusu saa, wakaweka na picha ya moto wakiwa wamemzungushia duara jekundu.

Tangu hapo ni kumcheka msusi. "Baridi ya mkopo." "Autumn ya marejesho." Vichekesho vingine vimetungwa vizuri, haikataliki. Lakini wanaocheka wanafanya kazi ya bure ya kusafisha jina la mtu aliyepandisha bei.

Hoja yao kubwa ni moja, si angesema tu hana? Ni mtu mzima, ana mdomo, hakuna aliyemshikia kisu. Sawa, na hapo msusi hachomoki kirahisi. Alikuwa na siku mbili za kufikiri. Angeweza kumfuata shosti wake pembeni, angeweza kuwaambia wote kwamba makubaliano yalikuwa 250,000 na yeye anabaki kwenye hiyo. Mikopo mitatu kwa ajili ya siku tatu za ukungu ni uamuzi mbovu, hauna jina lingine.

Ila anayesema "angesema tu" hajawahi kuwa mtu wa mwisho kwenye grupu la watu saba ambapo sita wameshaandika nipo. Neno "sina" kwenye grupu la mashosti wa mjini halipokelewi kama taarifa ya fedha. Linapokelewa kama hitilafu. Kwanza wanakuja na "pole mama", kisha "tutakumisi", kisha wiki inayofuata kuna grupu jipya ambalo wewe haumo, lenye jina lile lile na moyo mmoja pungufu. Kila mtu anajua. Na msusi alikuwa na sababu nyingine ya kuogopa: wateja wake wengi wanakuja saluni kwa sababu wanajua anamsuka staa. Kutoka kwenye picha kwake ni kutoka kwenye kipato. Ukiliangalia hivyo, mkopo wake una akili kidogo kuliko unavyoonekana.

Aliyekuwa na mlango rahisi wa kutokea ni mwanadada. Yeye ndiye aliyebadilisha bei baada ya watu kukubaliana. Angeweza kuuliza kila mmoja faragha kabla ya kulipia gari. Angeweza kusema, mpiga picha ni wangu kwa sababu picha ni za biashara yangu, na masweta nawavalisha kwa sababu mnanitangazia. Huo si hata ukarimu, ni hesabu ya kawaida. Kampuni ikitaka kupiga tangazo inawalipa wanaoonekana ndani. Hapa walioonekana ndani ndio walioilipa kampuni, na mmoja akakopa ili ailipe.

Kuna wanaomtetea kwamba hakujua hali ya mwenzake. Inawezekana. Mtu akishazoea kulipiwa vyumba, laki mbili na sabini inaanza kusikika kama elfu ishirini. Lakini mtu aliyekusuka bure miaka ile, ukae naye siku tatu kwenye moto mmoja, unywe naye chai kwenye baridi ile inayofungua watu midomo, ushindwe kuona kwamba anashika simu yake kila dakika na kuigeuza kifudifudi? Walikwenda kuwa pamoja, au walikwenda kupigwa picha wakiwa pamoja?

Na wale wa mikopo wasipite kimyakimya, maana kwenye kicheko hiki wao ndio wanaonufaika. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni na ikautaka umma uachane nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo. Namba za simu za mama wa Tandika na fundi wa nguo hazikuwa za msusi kuzigawa, wala za programu kuzichukua. Kuwatumia watu hao picha ya mdaiwa ukimwita mwizi si ukusanyaji wa madeni, ni udhalilishaji, na una pa kulalamikiwa. Wanaosambaza zile skrinshoti zenye uso wa msusi kwa ajili ya laiki wajue wanamsaidia mkopeshaji kazi yake.

Wiki hiyo hiyo, kwenye mtandao mwingine, kuna vijana wanne wa Temeke walipanda Lushoto pia. Video yao haikufika mbali, imepigwa na simu inayotetemeka, na nusu yake ni kidole cha mpigaji. Wamekwenda na basi, wamevaa majaketi ya mtumba wa Karume ambayo hayafanani hata moja, na mmoja kavaa la kike bila kujua mpaka alipoambiwa mbele ya kamera. Wanakula ugali na maharage kwenye mgahawa wa stendi, wanatembea kwa miguu mpaka Irente, wanafika juu wakakuta ukungu umeziba kila kitu. Hakuna nyika, hakuna Mazinde, hakuna barabara. Nyeupe tupu. Wakakaa pale pale wakasubiri saa nzima wakibishana mpira. Ukungu ulipofunguka mmoja alipiga ukelele ambao hakuna mpiga picha wa 700,000 anaweza kuupata. Kwenye maoni mtu kauliza safari imetumia ngapi kila mmoja, wakajibu kwamba mwenzao mmoja hakuwa na kitu kabisa, kwa hiyo wenye nayo watatu waligawana ya wanne.

Kipupwe kina mpaka Agosti, na mwanadada ameshatangaza safari nyingine ya wafuasi, bei kwa kichwa, sweta ndani yake. Ni haki yake, biashara ni biashara, na safari hii angalau anaiita kwa jina lake. Lakini kabla ya kupakia gari jingine kuna 180,000 ya kumalizana nayo, laki moja ya mpiga picha na elfu themanini ya sweta, zilizotoka kwenye simu ya msusi kwa ajili ya tangazo la duka la mtu mwingine. Inatumwa kwa dakika moja, namba anayo. Na kile kijembe cha siku ya tisa bado kiko juu ya ukurasa wake, kimebandikwa kabisa kisishuke. Akitoe.